Magari Elfu Moja ya Kipilefti cha Subira

Nchi yenyewe msiitafute kwenye ramani. Wachora ramani wanaona aibu nayo, na waliozaliwa humo hawahitaji kuonyeshwa njia. Inatosha kusema kwamba ilikuwa nchi yenye serikali ya huruma, na wananchi wasiojua kutembea.

Miguu walikuwa nayo, tena mizuri, ila waliitumia kukanyagia breki. Mchukueni Bwana Shomvi Ngwale, Msaidizi wa Mkuu wa Idara ya Mihuri. Kila asubuhi aliwasha gari lake la bluu kwenda kununua vitumbua kwa Bi Mgeni, mlango wa nne kutoka kwake. Aligeuza gari mara tatu, akapiga honi, akapewa vitumbua dirishani, akarudi kinyumenyume. Safari ilichukua dakika kumi na moja. Kwa miguu ingechukua moja, lakini nani angejua kwamba aliyekuja kununua vitumbua ni Msaidizi wa Mkuu wa Idara?

Sikudhani, mkewe, alimwangalia akiwa kwenye kizingiti na kuhesabu zile dakika. Mama huyu alikuwa na kipaji cha kuhesabu na ugonjwa wa kukumbuka. Alikumbuka hata siku Wizara ya mumewe ilipoziba geti la waenda kwa miguu. Ilikuwa Jumatano, mafundi walikula wali na maharage, na waraka ulibandikwa ukutani kabla saruji haijakauka: "Mtumishi anayestahili kuingia humu ana gari. Asiye na gari hastahili kuingia. Kwa hiyo geti hili halina wa kulitumia." Tangu siku hiyo mlinzi hakuandika majina kwenye daftari lake. Aliandika namba za magari. Jina la mtu linaweza kudanganya.

Lita moja ya petroli wakati huo ilikuwa na bei ya mkate.

*

Asubuhi moja ikaamka na bei ya mikate mitatu. Wananchi wakanung'unika, na kwa kuwa serikali ilikuwa ya huruma, Waziri wa Nishati na Uvumilivu, Mheshimiwa Dokta Matalawe, akaja redioni siku hiyohiyo.

"Ndugu wananchi," alisema, "wapo wanaosema bei inauma. Serikali yenu haipuuzi maumivu. Serikali yenu itayapima."

Ikatungwa Sheria ya Kipimo cha Maumivu. Kila siku ya kazi, tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, magari yanayopita Kipilefti cha Subira, ule mzunguko wa katikati ya mji, yatahesabiwa. Yakifika elfu moja, wananchi hawajaumia, na bei bado ina nafasi ya kupanda. Yakipungua elfu moja, hata kwa gari moja, basi wameumia, na bei itashushwa kabla ya adhuhuri. Ile elfu moja ikafanywa siri ya taifa, wananchi wasije wakaumia makusudi.

Akatafutwa mhesabuji asiye na maoni. Kwenye usaili Sikudhani aliulizwa, "Una maoni gani?" Akajibu, "Kuhusu nini?" Akaajiriwa palepale, akaambiwa siri ya elfu moja, akaapishwa kuitunza, akapewa kigoda, saa ya ukutani iliyotundikwa kwenye nguzo ya taa, na Fomu Namba Tisa. Fomu ilikuwa na safu moja tu, "Limepita", na kanuni tatu nyuma yake, zenye sahihi ya Waziri mwenyewe kwa wino wa kijani. Kwanza, kila gari la raia likivuka mstari mweupe lihesabiwe. Pili, mhesabuji asiinuke kigodani mpaka saa mbili igonge. Tatu, magari ya serikali yasihesabiwe, kwa kuwa serikali haisikii maumivu.

Siku ya kwanza yalipita magari elfu tatu mia nne na kumi na mawili. Wenyewe walilalamika sana siku hiyo. Walilalamikia ndani ya magari, vioo vikiwa juu.

Lita ikawa bei ya kuku.

*

Wakazoea kuku. Walipunguza nyama, wakapunguza ada, wakapunguza kumtembelea bibi kijijini, lakini gari halikupunguzwa. Kwenye mteremko walizima injini, wakaweka gia fri, wakateleza kimya wakiwa wameshika usukani kwa mikono miwili kama waumini. Sikudhani alihesabu.

Lita ikawa bei ya mbuzi, na matangi yakakauka.

Hapo ndipo pa kushangaza, na Sikudhani aliyaona yote akiwa kigodani. Hakuna aliyeitisha mkutano. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Injini zilizimika barabarani, watu wakashuka, wakasukuma, kwa sababu walikuwa wanakwenda kazini kwa gari. Kesho yake wakaanza kusukuma tangu nyumbani.

Alimwuliza msimamizi wake, Bwana Uledi, aliyekuja kukusanya fomu.

"Mzee, na haya yanayosukumwa?"

"Yamepita, hayajapita?"

"Yamepita. Ila hayaungurumi."

"Fomu inauliza nini?"

"Inauliza kama limepita."

"Sasa mama, ulitaka iulize nini? Habari za asubuhi?"

Akahesabu. Elfu mbili na mia tano. Mheshimiwa Matalawe akarudi redioni: "Magari yako barabarani, ndugu zangu. Yanatembea. Mimi nimeyaona kwa macho yangu kupitia kioo cha gari langu. Wanaoumia wako wapi?" Akaongeza kwamba nchi nyingine raia wao wananenepa ovyo, lakini wa kwetu wana mapaja ya chuma, na kwamba serikali haitadai shukrani kwa hilo.

Kusukuma kukapata adabu zake. Mwenye cheo alikaa kwenye usukani, amefunga tai. Mkewe alisukuma. Ukitaka kumpita mwenzako ulipiga honi, na mke wa mbele akaongeza bidii. Askari wa barabarani walisimamisha magari kama kawaida, wakamtoza faini anayesukuma kwa kutofunga mkanda. Na watu walilipa, maana askari alikuwa na haki, mkanda ulikuwepo na wao hawakuufunga.

Sikudhani alisukuma gari la bluu tangu nyumbani hadi kipilefti. Akifika, alimpokea zamu Bwana Uledi, aliyekuwa akimwanzia hesabu kila alfajiri, akaketi, akachora mstari mmoja kwenye fomu kwa ajili ya gari ambalo mgongo wake ulikuwa bado unauma kwa kulisukuma. Kutoka hapo hadi Wizarani ni mteremko, kwa hiyo Shomvi aliteleza peke yake, kiwiko dirishani.

*

Mwaka wa nne Shomvi akaanza kuhema hata akiwa amekaa. Wakaenda zahanati. Daktari, mwanamke mwembamba aliyekuwa anasukuma gari la mumewe na hakuwa na muda wa kubembeleza watu, alimsikiliza kifuani, akakunja vifaa vyake.

"Moyo umetanuka. Dawa hizi kutwa mara mbili. Kutembea taratibu kunaruhusiwa, tena ni tiba. Kusukuma gari, hapana. Ukisukuma usinifuate mimi, nenda moja kwa moja kwa fundi wa majeneza."

"Mimi sisukumi, daktari," alisema Shomvi kwa heshima zote. "Huyu ndiye anasukuma."

Wiki hiyohiyo ukaja waraka. Kwa ajili ya kuboresha takwimu, wahesabuji wataripoti saa kumi na moja alfajiri. Shomvi hakuwahi kutoka nyumbani kabla ya saa moja kwa miaka ishirini na mbili, na geti la Wizara halikufunguliwa kabla ya saa mbili. Sikudhani akajua hesabu hiyo inaishia wapi.

"Baba Zamzam, kesho nenda kwa miguu."

"Niende wapi?"

"Kazini."

"Niingie wapi? Ukutani?"

"Basi omba ruhusa, upumzike."

"Kwa kosa gani?" Alikuwa anapiga kiatu brashi, taratibu, akihema. "Mama Zamzam, mimi toka nipate cheo nimekwenda kazini kwa gari. Sijui hata hiyo njia inafananaje kwa miguu."

"Inafanana vilevile."

"Unaona hivyo kwa sababu wewe unaitazama kupitia kioo cha nyuma."

Sikudhani akaweka chini bakuli alilokuwa anapangusa. Akavunja kiapo chake, pale pale jikoni. Alimweleza habari ya elfu moja. Kwamba watu wamechoka, wengine wamevunjika viuno, wengine wamekufa, na hesabu imeshuka hadi elfu moja na arobaini, juzi elfu moja na kumi, leo elfu moja na nane. Kwamba wakibaki nyumbani watu tisa tu, bei itashuka, na ataweza kwenda kazini kwa injini kama zamani, na moyo wake hautapasuka njiani.

Shomvi alifikiri kwa dhati, maana alikuwa mtu wa dhati.

"Sasa langu moja litafanya nini?"

"Kila asubuhi ninahesabu watu elfu moja na nane wanaosema langu moja litafanya nini."

"Basi anza na wale wengine," alisema, akachukua kiatu cha pili.

*

Siku tatu alijisukuma mwenyewe. Bega la kushoto kwenye nguzo ya mlango, mkono wa kulia umeingia dirishani kushika usukani, tai imerushwa begani isichafuke. Siku tatu Sikudhani alimwona akija kutoka mbali, akamhesabu, akaanza upya kupumua.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelainisha barabara, viatu vya watu vilikuwa vinateleza, magari yakaja machache machache. Saa mbili kasoro dakika sita Sikudhani alichora mstari wa mia tisa tisini na tisa. Akainua macho. Gari la bluu lilikuwa linakuja, na nyuma yake msururu wa kama kumi.

Hatua ishirini kabla ya mstari mweupe, gari la bluu likasimama. Shomvi alivuta handibreki, maana alikuwa dereva mwangalifu, kisha akazunguka mbele, akaketi kwenye bampa, akashika kifua.

Waliokuwa nyuma wakapiga honi. Halafu wakaanza kumzunguka.

Sikudhani alitazama fomu. Akatazama saa kwenye nguzo. Kanuni ya pili alikuwa anaijua kama anavyojua jina lake. Akaiweka kalamu juu ya fomu, akainuka, na kigoda kikapigwa na upepo kwa mara ya kwanza kabla ya saa mbili tangu sheria itungwe. Nyuma yake magari yalivuka mstari, moja, mawili, matano, tisa. Aliyasikia yote. Kuyasikia hakukuwa kwenye fomu.

"Nimefika mstarini?" Shomvi aliuliza. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Bado hatua ishirini."

"Nisukume basi kidogo."

"Sikusukumi."

Akampa kidonge, akamfungua tai, akampepea kwa fomu ya akiba. Alikaa naye kwenye bampa mpaka saa ikagonga na ikamaliza kugonga. Rangi ilipoanza kumrudia, Sikudhani alitoa kijiko kwenye kopo lake la chakula, akachuchumaa, akaingiza mpini wake kwenye skrubu ya kibao cha namba.

"Unafanya nini?"

"Mlinzi wenu anaandika nini getini?"

"Namba."

Kibao kikatoka. Akakipangusa kwa kanga, akampakatisha mumewe kama mtoto mchanga. "Namba hii hapa."

Walitembea taratibu, wakipumzika kila penye kivuli. Shomvi alishangaa kugundua kwamba njiani kulikuwa na mkwaju, na kwamba nyumba ya rangi ya waridi ilikuwa na mlango wa pembeni. Getini, mlinzi, Bwana Feruzi, alikitazama kile kibao kwa makini, akakisoma, akakiandika. Akafungua mabawa yote mawili ya geti, akapiga saluti.

"Pita taratibu, mzee. Kuna tuta."

Shomvi akapita taratibu kwenye tuta. Akaenda kwenye maegesho yake, akasimama katikati ya mistari miwili kwa muda unaostahili, kisha akaingia ofisini.

*

Mia tisa tisini na tisa. Sheria ilikuwa wazi, kwa hiyo ikaundwa tume. Wajumbe kumi na saba walikaa miezi tisa ndani ya magari yaliyowashwa, kwa sababu ya kiyoyozi, wakatoa taarifa kwamba mia tisa tisini na tisa ni elfu moja iliyochoka. Bei ikabaki ilipo. Sikudhani akapewa barua ya onyo, na kigoda kikafungwa kwenye nguzo kwa mnyororo. Kumfunga yeye walisahau.

Lakini tume ilipokuwa inaunguruma, watu walikuwa wanamwona Shomvi. Wiki ya kwanza walicheka. Jirani yake Kitwana alimpigia honi, akamwuliza kama hiyo modeli inatumia lita ngapi. Wiki ya pili Kitwana aliazima kijiko. Mwisho wa mwezi barabara ilikuwa na wazee wa tai, kila mmoja na kibao kwapani, wakipishana upande wa kushoto, na wake zao wamebaki nyumbani wakinyoosha migongo. Wengine waliendelea kunyoosha mkono kabla ya kukata kona, kwa mazoea.

Vibao havikuwa magari. Sikudhani hakuvihesabu. Mia sita na arobaini. Mia mbili na kumi na mbili. Thelathini na moja. Kila upungufu uliundiwa tume yake, na kila tume iliona kwamba ni elfu moja, katika hali tofauti za afya.

Miaka ikapita, miguu ikajifunza. Bi Mgeni akahamishia vitumbua vyake mkwajuni, njia ya kazini. Fundi viatu akajenga ghorofa. Waliokuwa wanaishi mbali wakahamia karibu. Gari la Kitwana likaota mchicha kwenye boneti. Gari la bluu la Shomvi likawa banda, na kuku mmoja mwenye hasira akachagua kiti cha dereva.

Mwaka wa tisa Hazina ikaingia kwenye kabati lake ikakuta mende. Nchi ile, kumbe, ilikuwa inaishi kwa kodi ya mafuta, na mafuta hayakuwa na mnunuzi. Ndipo serikali ikakumbuka huruma yake. Lita ikashushwa kutoka mbuzi hadi kuku, kutoka kuku hadi mkate, na mwishowe nusu mkate, bei ambayo hata Sikudhani, pamoja na ugonjwa wake wote, hakuwahi kuikumbuka.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Matalawe, "mmeumia vya kutosha. Rudini."

Vituo vya mafuta vilipambwa kwa maua, bendi ya magereza ikapiga tangu asubuhi hadi jioni. Mteja alikuwa mmoja, Shomvi, mwenye kichupa, aliyetaka petroli kidogo ya kutolea doa kwenye koti. Mwandishi wa redio akamkimbilia.

"Mzee Ngwale, utarudi lini kwenye gari?"

"Nikae wapi, mwanangu? Mwenye kiti anaatamia."

Hakuna aliyekuwa amegoma. Waziri alitafuta wachochezi miezi miwili, hakupata hata mmoja. Watu walikuwa wamesahau tu kupanda magari, kama vile zamani walivyosahau kutembea, na bei ilikuwa inawaita kwa jina walilokwisha kuacha kulitumia.

*

Mkuu wa Nchi akamwita Waziri, akampa mpaka Ijumaa. Magari elfu moja yapite kipilefti, au Mheshimiwa aende nyumbani kwao, tena kwa miguu.

Mheshimiwa akapiga hesabu. Serikali ilikuwa na magari mia mbili na hamsini. Yakizunguka kipilefti mara nne, elfu moja hiyo. Kasoro ilikuwa ndogo sana, kwamba mafuta ya serikali yalikuwa yananunuliwa kwa kodi ya mafuta ya raia. Matangi yalikuwa makavu, na madereva, ambao hawakuwa wamelipwa tangu kuku, walikuwa wamekwenda kulima.

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, Sikudhani aliyekuwa anasuka ukili kigodani, maana siku hizo kazi ilikuwa nyepesi, alisikia miguno. Akainua macho. Makamishna walikuwa wanasukuma. Makatibu Wakuu walikuwa wanasukuma. Wajumbe wa tume zote walikuwa wanasukuma, kumi na saba kwa gari moja, wakipigiana honi. Bwana Uledi alikuwa nyuma ya gari la maji taka. Mbele yao wote, Mheshimiwa Dokta Matalawe mwenyewe, bega kwenye nguzo ya mlango, mkono mmoja dirishani, bendera ndogo ikining'inia kwenye boneti kama kitambaa cha vyombo.

Wakazunguka mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu walitambaa. Waliomaliza ya nne ndio waliobaki kuwa na suruali nzima. Mheshimiwa akajikokota hadi kigodani, akaegemea nguzo.

"Mama," alisema, "tumefika ngapi?"

"Bado hamjaanza, Mheshimiwa."

Akageuza Fomu Namba Tisa, akamwonyesha kanuni ya tatu. Wino wa kijani ulikuwa umefifia, lakini sahihi ilisomeka. Mheshimiwa aliisoma mara mbili, midomo ikitembea, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Ilisema kwa kuwa serikali haisikii maumivu," alisema hatimaye. Alikuwa ameshika kifua. "Mimi nasikia. Andika hivyo. Andika kwamba naumia."

Sikudhani aliitazama fomu upande wa mbele, akaitazama upande wa nyuma. Hakuwa na haraka. Alikuwa ameitafuta nafasi hiyo kabla yake, asubuhi nyingi, kwa ajili ya mtu mwingine.

"Inauliza tu kama limepita," alisema.

Wakati huo Shomvi alikuwa anavuka mstari mweupe, kibao kwapani, kitumbua mkononi, pumzi zake zikiwa sawa. Mkewe alizisikiliza mpaka alipokata kona. Shomvi alipokuwa anapita kando ya Mheshimiwa alikuwa amemwinamia kwa adabu, kama inavyompasa mtumishi.

"Taratibu, mzee," alikuwa amemwambia. "Mbele kuna tuta."

Saa mbili ikagonga. Sikudhani akaandika sifuri, akaipigia mstari chini, akainuka.